Kiunzi cha saba kimeniangusha mara mbili: niendelee au niweke viatu?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Vihiga, ila naishi Manyatta na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Mchezo wangu ni mita 400 kuruka viunzi, na natanguliza mguu wa kushoto. Muda wangu bora ni sekunde 49.6, na mita 400 za kawaida nimewahi kuzikimbia kwa 46.4. Wakati ule watu wa kwetu walikuwa wakiniita "Olimpiki" hata sokoni.

Shida yangu ilianza kwenye mashindano ya eneo letu. Nilikuwa nafika kiunzi cha saba nikasikia msuli wa nyuma ya paja la kushoto umevuta. Nilipumzika kwa mwezi hivi, nikarudi. Msimu uliofuata nikaenda majaribio ya kitaifa, nikawa wa tatu tukiingia kona ya pili, na kiunzi ni kilekile cha saba, paja ni lilelile. Safari hii kitu kilikatika juu kabisa, karibu na makalio. Nilianguka, nikatolewa kwa machela, na tiketi ya Olimpiki nikaisikia kwenye redio ikienda kwa wengine.

Sasa yapata miezi mitatu. Natembea vizuri, nakimbia polepole bila maumivu, hata mbio za kasi mahali tambarare naweza. Ila nikipanga viunzi mambo yanaharibika. Kufikia cha sita nakwenda hatua 13 kati ya kiunzi na kiunzi kama kawaida, halafu nabadilisha kwenda 15, lakini nikikiona cha saba hatua zinakuwa fupi fupi, nafika nimeshakufa mwendo, na mara nyingine nakikwepa kabisa. Mama anasema kuna mkono wa mtu. Viunzi tunavyotumia uwanjani vilichomelewa na fundi wa jua kali kwa bomba za chuma baada ya vile vya mbao kuvunjika.

Kocha anataka nikimbie mashindano yatakayofanyika wiki sita zijazo. Anasema hofu huishia kwenye mbio, si kwenye mazoezi. Rafiki yangu wa mazoezi anamjua mtu anayechoma sindano kwa shilingi 15,000, eti wiki mbili nitasahau kama niliumia. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye amekuwa akitulipia nyumba, amenitafutia kazi ya kutunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, mshahara 26,000 kwa mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwenye duka anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka amesema nisipoichukua, kodi nijitafutie. Mke wangu hasemi kitu, na kunyamaza kwake kunanichoma kuliko maneno ya kaka.

Nimesoma habari za waruka viunzi wakubwa walioanguka wakarudi wakachukua dhahabu. Naogopa nikiacha sasa nitakuwa nimeachia mlangoni. Nishauri, niendelee au niweke viatu?

Mruka Viunzi, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa hiyo redio.

Umeuliza swali moja, lakini barua yako ina matatu. La kwanza ni kama paja limepona. La pili ni kwa nini hatua zako zinavunjika kati ya kiunzi cha sita na cha saba. La tatu ni nani atalipa kodi ya Manyatta. Yote matatu umeyapa tarehe moja, mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye duka ndiye aliyetaja tarehe. Paja halijui mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anaujua vizuri sana. Tuyatenganishe kwanza, kisha utaona kwamba "kuendelea" na "kuacha" si njia mbili tu ulizo nazo.

Kabla ya hapo, nikuulize kuhusu hao wakubwa uliosoma habari zao. Félix Sánchez wa Jamhuri ya Dominika alishinda dhahabu ya mbio zako huko Athens mwaka 2004 kwa sekunde 47.63. Akaumia, miaka ikapita, Beijing 2008 akatolewa raundi ya kwanza, na London 2012 akashinda tena kwa 47.63 ileile, akiwa na miaka 34. Ni habari ya kutia moyo kweli. Lakini alipoumia alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki na wa dunia mara mbili, kwa hiyo aliingia miaka ile migumu akiwa na jina. Upande wa pili yuko Dai Greene wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mbio hizihizi mwaka 2011, wa nne London 2012. Majeraha yakamwandama tangu hapo, na hakurudi tena kwenye kilele kile. Hakukosa bidii. Gail Devers wa Marekani aliongoza fainali ya mita 100 kuruka viunzi Barcelona 1992, akagonga kiunzi cha kumi, akamaliza wa tano. Dhahabu za Olimpiki alizipata kwa mbio zisizo na viunzi, ile ya viunzi hakuipata kamwe. Na Nicholas Bett wetu, aliyetoka njia ya 9 Beijing 2015 akashinda kwa 47.79, Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mbio fupi kuliko mita 800, mwaka uliofuata aliondolewa kwenye Olimpiki ya Rio katika mchujo tu. Fainali ya Rio, Boniface Mucheru ndiye aliyetuletea medali ya fedha kwa 47.78.

Sikutajii haya nikuvunje moyo. Nataka uone kwamba habari zinazotufikia ni za waliorudi, na kuvumilia peke yake hakukueleza nani atarudi. Hiyo hofu ya kuachia mlangoni, umeipata wapi? Unajuaje kama uko mlangoni au bado uko njiani? Hilo linaweza kupimwa, na vipimo vingi havihitaji pesa nyingi.

Tuanze na paja. Umeandika jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa: safari ya kwanza msuli "ulivuta", safari ya pili kitu "kilikatika juu kabisa, karibu na makalio". Haya huenda si majeraha ya aina moja. Msuli ukichanika katikati ya paja mtu anaweza kurudi ndani ya wiki chache. Ukichanika juu, karibu na mfupa wa kukalia, ambako msuli unageuka kuwa kano, kupona huchukua miezi, na mara nyingi maumivu ya kutembea huisha mapema mno kuliko jeraha lenyewe. Mruka viunzi anaumia hapo kwa sababu mguu unaotangulia huinuliwa nyonga ikiwa imekunjwa na goti likinyooka kwa kasi. Msuli wa nyuma unavutwa ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Wewe unatanguliza kushoto, na uliumia kushoto. Mwenye kovu usidhani kapoa: aliyewahi kuchanika hapo yuko kwenye hatari kubwa ya kuchanika tena, hasa wiki za mwanzo baada ya kurudi.

Je, uliwahi kupigwa picha ya MRI, au angalau ultrasaundi? Hujasema. Kama hujapigwa, hiyo 15,000 ya sindano ingekuwa na kazi nzuri zaidi kwenye picha na kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Usiende ukiuliza "nimepona?" Uliza: limechanika wapi, kano imeguswa au haikuguswa, na nguvu ya kushoto ni asilimia ngapi ya kulia. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, viunzi vya kasi vingoje.

Wakati unatafuta nafasi hiyo, kuna kipimo cha nyumbani. Lala chali, weka kisigino cha mguu mmoja juu ya benchi la urefu wa sentimita 60 hivi, goti likunjike kidogo tu, mikono ikae kifuani. Inua makalio mpaka nyonga inyooke, shusha yaguse chini, rudia bila kupumzika hadi ushindwe. Hesabu, kisha fanya mguu wa pili. Chini ya mara 20 ni udhaifu, 25 ni wastani, zaidi ya 30 ni vizuri. Tazama sana tofauti ya miguu miwili. Kulia 32 na kushoto 19 ni jibu tosha kwa kocha wako. Kikienda vizuri, jaribu cha pili: lala chali, mke wako akushikilie paja la kulia chini, rusha mguu wa kushoto juu ukiwa umenyooka, kwa kasi uwezayo. Usisikilize maumivu tu. Ukisita, ukahisi huuamini mguu, bado haujawa tayari kwa kiunzi. Mtaalamu akikuruhusu, ongeza zoezi la kupiga magoti huku mwenzio amekushika vifundo, unajishusha mbele polepole kadiri unavyoweza: seti 2 za 5 kwa wiki ya kwanza, uongeze taratibu hadi seti 3 za 8. Usilifanye siku ya kutangulia mazoezi ya kasi, maana misuli hubaki na uchungu.

Kwa hesabu hiyo, wiki sita za kocha zinaweza kutosha au zisitoshe. Picha na nguvu ndizo zitakazosema. Kauli yake kwamba hofu huishia kwenye mbio ina ukweli kwa mtu aliyeanguka tu. Kwa aliyechanika, hofu mara nyingine ni taarifa.

Kuhusu sindano nitakuwa mfupi. Muulize huyo rafiki jina la dawa, lililoandikwa kwenye chupa. Kama hakuna jina, mazungumzo yameisha. Dawa za aina ya kotizoni, zile za kutuliza uvimbe, kwa sindano ya mahali popote mwilini zimekatazwa kwa wanamichezo kipindi cha mashindano tangu 1 Januari 2022, na karibu na kano zinaweza kuidhoofisha zaidi. Zile zinazosifiwa kuharakisha kupona kwa msuli, nyingi zimekatazwa siku zote, mashindano yawepo yasiwepo. Hata dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa nje ya matibabu halali ya hospitali. Kikipatikana kitu kwenye mkojo wako, wa kujibu ni wewe, si aliyechoma, na adhabu yaweza kuwa miaka minne. Hospitali ukipewa dawa yoyote, sema wewe ni mwanariadha na uulize kabla ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni.

Sasa kiunzi cha saba. Mama amesema kuna mkono wa mtu, na sitabishana na mama. Lakini nikuonyeshe kilipo. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kisha mita 35 kila kimoja. Cha saba kiko mita 255, katikati ya kona ya pili, mahali ambapo miguu ya kila mkimbiaji wa mita 400 imeanza kujaa. Ukiruka, unaondoka ardhini kama mita 2.1 kabla ya kiunzi na kutua kama mita 1.2 baada yake. Zinabaki mita 31.7 za kukimbia. Kwa hatua 13, kila hatua ni mita 2.44. Kwa hatua 15 ni mita 2.11. Yaani kati ya cha sita na cha saba, ukiwa kwenye kona na umechoka, unauambia mwili ufupishe kila hatua kwa sentimita 33 ghafla. Mwili unafanya moja kati ya mawili: unafupisha mno na mwendo unakufa, au unakataa kufupisha, unajikuta mbali na kiunzi, na unaurusha mguu wa kushoto kukifikia. Hilo la pili ndilo linalochana misuli. Kwa hiyo inawezekana kabisa umeumia mara mbili mahali pamoja kwa sababu ya hesabu moja.

Njia za kuitengeneza zipo, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kupitia hatua 14, za mita 2.26, kati ya cha sita na cha saba, na tena kati ya cha saba na cha nane, kisha 15 hadi mwisho. Maana yake cha saba unakiruka ukitanguliza kulia, na paja la kushoto linapata nafuu pale pale lilipozoea kuumia. Ubaya wake ni kwamba kutanguliza kulia kwenye kona kunafanya mguu wa kushoto unaofuata upitie ubavuni mwa kiunzi, na ukipita chini ya usawa wa ubao wa juu unaondolewa mashindanoni. Si jambo la wiki sita. Ni la miezi ya nje ya msimu. Au unaweza kukimbia 15 tangu mwanzo hadi mwisho. Utapoteza kidogo upande wa kwanza, lakini hutabadilisha chochote ukiwa umechoka. Wapo wanaolidharau hilo. Mimi sioni aibu yake kwa mtu anayetoka kwenye jeraha. Njia ya tatu ni kubaki na 13 hadi cha tano tu na kubadilisha mapema, kona ya pili inapoanza. Mpe kocha hesabu hizi, akae nazo na wewe uwanjani na utepe wa kupimia.

Na hivyo viunzi vya bomba, tafadhali vitazame kesho. Kiunzi halali huanguka kinapogongwa katikati ya ubao wa juu kwa nguvu ya kati ya kilo 3.6 na 4. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, ifunge katikati ya bomba la juu, uvute mbele kwa usawa. Kikianguka kwa kilo 9, hicho ni uzio. Miguu ya kiunzi ielekee upande unakotokea wewe ili kikigongwa kilale mbele. Kikigeuzwa, hakilali, kinakusubiri. Fundi anaweza kukata bomba la juu na kuweka ubao mwepesi, na kupunguza uzito wa miguu. Inawezekana sehemu ya hofu yako ni akili timamu: mwili wako unajua chuma hakisogei.

Hofu yenyewe ipime hivi, paja likiruhusiwa. Anza kwa kuvivuka ukitembea, vikiwa na sentimita 76.2. Baadaye weka cha sita, cha saba na cha nane tu mahali pake kwenye kona, simama mita 45 kabla ya cha sita, na ukimbie kana kwamba hicho ndicho cha kwanza. Unakikuta cha saba ukiwa mbichi, hujachoka. Ukikiruka vizuri, basi tatizo ni uchovu na hatua, na hilo linafundishika. Ukikikwepa hata hapo, tatizo limekaa kichwani na linataka kazi ya polepole, kiunzi kikiwa chini, labda na mtaalamu wa saikolojia ya michezo ukimpata. Kutoka 76.2 nenda 84, na mwisho urudi kwenye 91.4 za wanaume.

Sasa swali la mlangoni. Kiwango cha kuingia Paris 2024 kwa wanaume kilikuwa 48.70. Wewe una 49.6, kwa hiyo kama kiwango kijacho kitakuwa karibu na hapo, unatafuta sekunde 0.9, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila kiunzi. Ukisema hivyo inaonekana kidogo. Lakini tazama 46.4 yako: viunzi vinakupotezea sekunde 3.2, na mruka viunzi mzuri hupoteza kama 2.5 hadi 3. Ukizitengeneza hatua vizuri sana unaweza kuokota nusu sekunde. Iliyobaki lazima itoke kwenye kasi yako ya mita 400. Michezo ya Los Angeles inaanza 14 Julai 2028. Njia nyingine ya kuingia ni orodha ya viwango vya dunia, ambayo huchukua wastani wa matokeo yako bora matano, na pointi huongezwa kwa nafasi unayomaliza kwenye mashindano yenye hadhi. Huko kunataka nauli na msimu mzima bila jeraha. Tena Wakenya tuko kwenye kundi linalopaswa kupimwa dawa angalau mara tatu bila kutarajia, nje ya mashindano, ndani ya miezi kumi kabla ya Michezo. Mwaka 2021 wanariadha 10 wa Nigeria walizuiwa Tokyo kwa kukosa vipimo vya aina hiyo tu. Kama haupo kwenye orodha ya wanaopimwa, kocha aanze kuuliza shirikisho mapema, si mwezi wa majaribio.

Ukizisoma namba hizi unaona nini? Wapo watakaoona safari inayowezekana, wapo watakaoona mlima. Wewe ndiye unayejua kama kasi yako bado ilikuwa inapanda mwaka ule kabla ya kuumia, au ilikuwa imesimama. Nenda kwenye daftari lako la mazoezi kabla ya kunijibu.

Tufike nyumbani. Kaka amekuwa akilipa kodi; hilo ni jambo kubwa, na maneno yake makali yanaweza kuwa uchovu tu. Lakini kazi hiyo ya stoo si lazima iwe kaburi la mbio. Paja lako linahitaji miezi ya kuimarishwa, na miezi hiyo haihitaji uwanja mchana kutwa. Mazoezi ya nguvu yanafanyika alfajiri chumbani na benchi moja. Ubaya ni kwamba stoo ya vifaa vya ujenzi ni saruji na mabati. Kubeba mifuko ya kilo 50 ukiwa umeinama, na kusimama kwa muda wa saa kumi, ni mzigo uleule kwenye msuli uleule. Muulize mwenye duka wazi: kazi ni ya kuhesabu na kuandika, au ni ya kupakia pia? Je, anaweza kukuruhusu utoke saa tisa siku mbili kwa wiki, na akukate mshahara kiasi? Wafanyabiashara wengine hupenda kuwa na mwanariadha dukani. Akikataa, umejua. Ukiichukua kazi kwa masharti yake yote, ujue wazi kwamba msimu ujao mzima utakuwa wa kuponya tu, bila kushindana. Ukiikataa, uwe na jibu la kodi ya mwezi ujao na wa baada yake, si ahadi ya medali.

Kuna mlango mwingine hujautaja: polisi, magereza na jeshi wana timu za riadha, na Wakenya wengi wa mbio wamepata mshahara huko huku wakikimbia. Zina umri wa mwisho wa kuajiri, na kwa miaka 26 usichelewe kuuliza. Wanapima afya pia, kwa hiyo tunarudi kwenye picha ya paja. Ukocha nao usiudharau. Mtu anayeweza kueleza kwa nini kiunzi cha saba kinaangusha watu anahitajika kwenye shule za Vihiga na Kakamega, ambako wenye mbio ni wengi na wa kuwafundisha viunzi ni haba. Mshahara wake wa kuanzia ni mdogo, hilo nalo ulijue.

Na mke wako. Umesema kunyamaza kwake kunakuchoma, lakini hujaandika kama umemuuliza. Inawezekana anakulaumu. Inawezekana pia anaogopa kwamba neno lake ndilo litakaloonekana limeua ndoto yako, na anaona heri anyamaze kuliko kubeba hilo maisha yake yote. Keti naye mtoto akishalala. Usimuulize "niendelee au niache", maana hapo unamkabidhi mzigo wako. Mweleze picha itagharimu kiasi gani, mwenye duka amejibuje, na unahitaji miezi mingapi ili kujua, kisha umuulize yeye anaweza kuvumilia mingapi, na anahitaji nini katika miezi hiyo. Huenda mwezi wake na wako usilingane. Ni bora mlijue hilo sasa.

Kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi sioni kwamba unadaiwa uamuzi wa maisha. Unadaiwa jibu la mwenye duka, na ili kumjibu unahitaji saa za kazi kwa maandishi, kipimo cha benchi cha miguu yote miwili, na miadi ya picha. Kaka naye mwambie tarehe ya picha. Mtu anayelipa kodi huvumilia zaidi akiona tarehe. Ukishapata majibu ya mtaalamu, tuandikie tena, na usisahau kutuambia hivyo viunzi vya bomba vilianguka kwa kilo ngapi.